Ngao Zilizobaki Kivukoni

Isome hadithi hii taratibu, kisha mpelekee mwenzako.

Watu wa mlimani na watu wa bondeni walivamiwa na adui mwenye jeshi kubwa, wakaungana. Mfalme wa mlimani alikwenda kulipanga jeshi kuu uwandani. Kivukoni mwa mto aliacha kikosi kidogo cha watu wa pande zote mbili, chini ya shemeji yake, Mahundi.

"Mcheleweshe adui hadi niwe tayari," alimwambia.

Vita vikaisha, mfalme akashinda, sherehe ikaandaliwa.

Nchi ile ilikuwa na desturi mbili. Askari aliyerudi bila ngao alihesabiwa kuwa aliitupa ili akimbie vizuri, naye alinyang'anywa mkuki wake kwa maisha yake yote. Tena, askari hakuruhusiwa kujisemea. Ushujaa wake ulisimuliwa na mtu asiye wa kikosi chake.

Mahundi akaingia na wenzake wachache waliobaki hai. Hakuna aliyekuwa na ngao.

"Ala, Mahundi!" akasema Sekwao, jemadari wa jeshi kuu. "Ngao ilikuwa nzito kwa mbio?"

Uwanja mzima ukacheka.

Mfalme akauliza, "Nani atawasemea hawa?"

Lakini kule kivukoni hakukuwa na mtu mwingine ila wao.

"Ndugu yangu, waambie basi," akanong'ona Kandoro, kiongozi wa watu wa bondeni, mkono wake umefungwa kitambaa chenye damu.

"Nikijisemea, nani ataniamini?" Mahundi akajibu.

Mfalme akamwinamia shemeji yake, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe njoo ukae mbele. Nitasema waliokimbia ni hawa wa bondeni."

Mahundi alimtazama Kandoro, kisha akasema, "Bwana wangu, ngao yangu ilikuwa kando ya zao. Nami nitakaa nao."

Basi wakaketi chini karibu na lango, na walinzi wakaanza kuwanyang'anya mikuki.

Wakati huo huo jemadari wa adui akaletwa, mikono imefungwa. Alipofika langoni alimwona Mahundi, akasimama, akainamisha kichwa.

"Twende! Mfalme yuko kule," mlinzi akamsukuma.

"Namwona," akasema yule mateka. "Lakini walionishinda wako hapa."

Watu wakageuka kumtazama Mahundi.

"Walizifunga ngao zao pamoja kwa kamba, wakakiziba kivuko," akaendelea. "Zilipovunjika, wakapigana vifua wazi. Tulipofanikiwa kupita, chakula chetu kilikuwa kimekwisha. Ninyi wa uwandani mlikutana na watu wenye njaa. Vipande vya ngao zao bado viko pale. Nendeni mkaone."

Sekwao akatazama chini. Desturi ilitaka shahidi asiye wa kikosi chao, na shahidi alikuwa amepatikana.

Mfalme akashuka kitini, akaichukua ngao yake mwenyewe na kuiweka mbele ya Mahundi.

Mahundi akaisogeza kidogo, ikakaa kati yake na Kandoro.

Funzo: Usimcheke mtu kwa alichokipoteza kabla hujajua alikipoteza akimlinda nani. Huenda aliyekuwa akilindwa ni wewe.