Kijiko cha Chumvi cha Wifi

Haya, fungeni kwanza vitabu vyenu vya nyimbo mnisikilize. Kulikuwa na mama mmoja kule kwenye milima ya baridi, tumwite Tupokigwe. Alipata saratani ya tezi ya shingo, akapasuliwa, tezi ikatolewa yote, kidonda kikapona. Baadaye nyonga ikaanza kumuuma.

Daktari akamwambia, "Mama, ni nadra saratani hii kusafiri hadi kwenye mfupa, lakini hutokea. Tutapiga picha ya mwili mzima. Utakunywa dawa ya madini joto yenye mionzi. Saratani, popote ilipojificha, itaifyonza, na mashine itaiona. Ila ikishashiba madini joto ya chakula, dawa haitaigusa. Kwa hiyo wiki mbili hizi, chumvi yenye madini joto usiionje."

Sasa jamani, nyie wenyewe mnajua. Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kwamba rovu huletwa na kukosa chumvi hiyo hiyo! Wifi yake, aliyekuwa akimpikia, akajisemea, "Huyu daktari kachanganyikiwa. Mgonjwa wa shingo anyimwe chumvi?" Basi maharage yakichemka, kijiko kinaingia.

"Wifi, mbona maharage yamenoga hivi?"

"Kula, wifi yangu. Ni vitunguu hivyo."

Naye akala, hakuuliza tena. Wewe ungeuliza?

Picha ikatoka safi. Weee! Vigelegele, kuku akachinjwa, na kanisani wakaenda kutoa shukrani. Lakini nyonga ikazidi kuuma. Daktari akawaita wote wawili. "Kipimo cha damu kinasema kuna kitu. Picha inasema hakuna. Mmekula nini nyumbani?"

Wifi akainamisha kichwa. "Ni mimi, daktari. Nilimwonea huruma."

Wakarudia, safari hii bila chumvi. Picha ikaonyesha doa kwenye nyonga. Wifi akapiga yowe, "Maskini wifi yangu, tumekwisha!"

"Hapana," daktari akasema. "Kilichokuwa kinammaliza ni ile picha safi. Doa hili sasa tunaliona. Dawa ile ile, kwa kipimo kikubwa, italifuata huko huko liliko."

Mnamcheka wifi? Msimcheke, maana wifi ni sisi. Ndugu anakuja kwako usiku wa moyo wake, anataka kusema, "Nimemkosea mke wangu." Kabla hajamaliza unamwambia, "Aa, achana nayo, nani hajakosea?" Umetia kijiko. Dada anaanza kulia hapa mbele, tunakimbia kumfuta machozi, tunamrudisha kwenye kiti akiwa na uso mkavu na doa lake ndani. Halafu tunapiga vigelegele kwamba kanisa letu ni safi!

Na wewe unayelishwa, ladha unaisikia. Unajua kabisa si vitunguu.

Leo baada ya ibada kuna mtu atakufuata, ana jambo. Ninakuomba, mwache aseme mpaka mwisho. Chumvi yako rudi nayo nyumbani.