Jukwaa la Bi Eulalia

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, huko Meksiko aliishi Bi Eulalia, mchezaji na mtunzi wa ngoma. Wewe unayejifanya unajua kucheza, tulia kwanza. Mama huyu akipanda jukwaa lake dogo la mbao na kupiga visigino, wapiga gitaa ndio waliomfuata yeye.

Uzeeni miguu ikagoma. Mwili umelala, ngoma ya mwisho inamchemka kichwani. Akaitunga kitandani, kwa vidole, juu ya sinia. Tapu-tapu, tapu. Na usia wake ulikuwa mfupi: "Jukwaa langu apewe atakayeiokoa ngoma hii. Apewe mmoja. Msilikate."

Petra, aliyemuuguza, akavitazama vidole vile mpaka akashika kila pigo. Lakini Petra alizaliwa na mguu mbovu, hachezi. Akamtajia Nicanor, kijana mchezaji, mapigo hayo. Nicanor akacheza miezi minne, nyayo zikachanika. Ngoma ikapata miguu.

Asubuhi moja Bi Eulalia akafa, na ngoma, kila mtu alijua, haijaisha.

Ndipo akaja Ofelia, mwanafunzi aliyefukuzwa na Bi Eulalia miaka mingi nyuma kwa kubadilisha hatua moja tu ya mwalimu. Akaitungia ngoma mwisho. Siku ilipochezwa, mji mzima ulilia, hata wagumu kama wewe.

Kesho yake wakagombana mbele ya jukwaa.

"Bila kichwa changu mngecheza nini? Sinia?" akasema Petra.

"Na bila miguu yangu ungebaki kugonga sufuria, dada," akajibu Nicanor.

"Watu walilia wapi?" akauliza Ofelia. "Si kwenye kipande changu?"

Petra akamgeukia. "Mwisho ulikuwepo. Siku yake ya mwisho Mwalimu aliinua vidole vyote, akavituliza hewani, akanitazama, akatabasamu. Mwisho wake ulikuwa kimya. Wewe umekijaza visigino."

"Mbona hukusema?" Nicanor akafoka.

"Nilidhani amechoka. Nimeelewa jana, nilipomwona Ofelia akipiga visigino pale pale Mwalimu alipotuliza vidole."

"Ahaa!" Ofelia akaruka. "Kwa hiyo bila mimi usingejua mpaka leo!"

Mimi ningekuwepo, kesi hii ningeimaliza nimesimama kwa mguu mmoja. Jibu ninalo. Nataka la kwako, mjuaji: jukwaa ni moja, msumeno umekatazwa, na watatu hao wamelishika kila mmoja pembe yake, hakuna anayeachia. Je, ungemwambia nani alibebe?