Kiboko Aliyetaka Neno la Kasuku

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana harusi kama sisi, Bwana Kiboko hakukosa nafasi kwenye sinia la kwanza. Sinia ni la watu wanne, sikieni vizuri, na desturi ilikuwa hii: ukishanawa mikono kisha ukainuka, nafasi imekwenda.

Siku moja, harusini kwa binti Twiga, Kiboko alinawa mikono, akakaa na Nyati na Pundamilia. Wa nne alikuwa Kasuku, karudi juzi tu kutoka ng'ambo na neno moja la Kiingereza: seti.

"Neno hili lina kazi chungu nzima!" alisema Kasuku. "Jua likizama, seti! Ukitega mtego, seti! Ukiandaa meza, seti! Vikombe sita vya namna moja, seti!"

"Lo! Msomi huyo!" wageni wakashangilia.

Moyo wa Kiboko ukadunda, du! du! du! Miaka yote alisifiwa yeye, leo kindege cha tonge moja kinampiku! Wivu ukamjaa.

Pimbi, kinyama kidogo cha majabalini, alikuwa nyuma akingoja ukoko na wadogo wenzake. Akamwona Kiboko alivyonuna. Akamnyatia, nyatu nyatu, hadi sikioni.

"Shikamoo, babu. Kasuku anajua maana tu. Asili haijui."

"Marahaba. Asili ipi?"

"Zamani huko ng'ambo, seti ilikuwa kumkalisha mtu. Onyesha hilo, uone kama Kasuku atafungua mdomo tena!"

"Nionyesheje?"

"Mkalishe mtu mbele za watu. Hata mimi, babu. Sina uzito, na mikono nimeshanawa."

Kiboko akainuka, puu! "Tazameni asili ya seti!" akanguruma. Akambeba Pimbi, akamkalisha mkekani taratibu, pale pale alipokuwa amekaa yeye, akamtengenezea na mto. Makofi, pa! pa! pa! Kiboko akamkodolea Kasuku macho kwa furaha.

Hapo pilau likaletwa, linafuka moshi, minofu juu.

"Haya, ondoka, mjukuu wangu," Kiboko alinong'ona.

"Niondoke wapi, babu? Wewe si umeinuka?"

Kiboko akamgeukia Nyati.

"Desturi ni desturi, ndugu yangu," Nyati alisema, mdomo umejaa. Kasuku akamsogezea Pimbi mnofu mnono.

Kiboko akaburuta miguu hadi nyuma, akangoja ukoko na wadogo.

Ndiyo hivyo, wanangu: mwenye wivu hupaacha pake akitazama pa mwenzake.