Jina Lililokatwa kwenye Santuri

Ndugu zangu, leo nina habari ya mama mmoja mkaidi. Mama huyu alikuwa mwimbaji wa jazi. Katika ujana wake alirekodi albamu nzima ya nyimbo za mtunzi mmoja aitwaye Nkwabi, ili ampe heshima yake angali hai. Nyimbo za Nkwabi kila bendi ilizipiga, lakini mwenyewe hakuna aliyemjua. Si mnayajua mambo hayo? Pilau inasifiwa sebuleni, mpishi yuko jikoni na moshi wake.

Miaka ikapita, Nkwabi akafa, mama akazeeka. Ndipo ikaja kampuni moja ya wapenzi wa sauti safi. Hawa ni watu ambao punje ya vumbi ikikwaruza kwenye santuri, usingizi hauji. Walitaka kuitoa upya albamu ile, santuri nene, ya kifahari. Mama alifurahi kweli, maana nakala yake ilishavunjika zamani, na alitamani wajukuu wamjue Nkwabi. Akakubali, ila akasema atasaini mkataba akishasikiliza.

Wakamkalisha mbele ya spika ndefu kuliko yeye. Fundi wa sauti akashusha sindano. Lo! Besi, ngoma, saksafoni, kila kitu mahali pake. Mama akawa anapigapiga mguu kwa raha zake. Wimbo wa mwisho ukaja, ukafika katikati, ukapita, ukaisha. Mama akaacha kupiga mguu.

"Nkwabi yuko wapi?" akauliza.

Fundi akamweleza kwa adabu zote. Pale katikati, alipoliita jina la mtunzi, mama alikuwa amepaza sauti mno karibu na maikrofoni, na sauti ikapasuka. Wanunuzi wa santuri hizi hawavumilii mpasuko. Basi amekata kidogo tu na kuunga, mtu hawezi kujua. Na jina si lipo kwenye jalada, tena kwa herufi kubwa?

"Mwanangu, unajua kwa nini nilipiga kelele?"

Hakujua, wala hakuwahi kuuliza. Mama akamwambia kwamba siku ile Nkwabi alikuwa ameketi studio, nyuma ya kioo. Wimbo ukiwa katikati akainuka, akachukua kofia yake aondoke, kama kawaida yake ya kuona kwamba nyimbo zikishaimbwa yeye hahusiki tena. Mama akamwita. Nkwabi akarudi, akaketi, akalia.

"Albamu iko pale ulipokata," mama akasema. "Kwingine kote ni kuimba tu."

Mkubwa wa kampuni akaingilia. Akasema na mpasuko ule santuri haitatoka, na mama afikirie vizuri kwa umri wake. Mama akafunga mkoba.

"Basi isitoke. Afadhali nyimbo zikae kabatini na mwenyewe kuliko zizunguke dunia bila yeye."

Akaenda zake. Hakusaini, na santuri ile haikutoka.

Naona mnapiga makofi. Mnampenda mama yule, nami nampenda, na kila mmoja wenu ameshajiweka kwenye kiti chake. Ngojeni kwanza. Nani aliyetuambia kwamba sisi ni yule mama? Kwaya yetu ina sare mpya, sauti zote nne zimepangwa, mitambo ya sauti imefungwa hadi nje ya mlango. Tunaimba, tunapendeza. Lakini Jumatatu kazini, mezani kwa wakubwa, mahali ambapo tukilitaja Jina la Aliyetutunga sauti itapasuka na watu watakunja uso, tunafanya nini? Tunakata. Tunaunga vizuri, mtu hawezi kujua. Halafu tunajitetea: kwani msalaba si ninao shingoni?

Ndugu zangu, sisi ndio yule fundi. Na Bwana ameketi mbele ya spika zetu, ameusikiliza wimbo mpaka mwisho. Ameacha kupiga mguu. Anatuuliza, "Mimi niko wapi?"