Pimbi Alivyomfundisha Kiboko Karata za Sinema

Paukwa!
— Pakawa!
Paka naye alikuwa wapi?
— Kajikalia bandani, anaangalia sinema!
Na nyinyi mnataka nini?
— Tupe yetu, masikio yana njaa!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, maliza kwanza huo muhogo, hadithi yangu haishindani na meno.

Hapo kale, lakini si kale sana maana mabanda ya video yalikwishakuwapo, aliishi Pimbi. Watoto alikuwa nao wengi, mkia hakuwa nao hata kidogo. Nyumba yake ilikuwa kwenye majabali nyuma ya banda la video la wanadamu, na kwenye bati la banda palikuwa na tundu. Wanadamu waliingia kwa mlango, Pimbi aliingia kwa jicho. Aliziona sinema zote: za mapigano, za mapenzi, za kutisha, na zile ambazo hata wenye banda walilala katikati.

Mwaka huo mvua ikagoma. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata mate yakakauka. Mto mkubwa ng'ambo ya kilima ulikuwa mbali mno kwa wenye kiu; huku likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko.

"Maji haya yangu," alisema Kiboko. "Matope haya yangu. Hata chura anayelia humu analia kwa ruhusa yangu."

Mnyama akisogea tu, Kiboko alipanua mdomo: HAAAA! Ngiri alisogea, akarudi bila kipande cha sikio. Kanga alisogea, akarudi bila manyoya ya mgongo. Wengine hawakurudi.

Watoto wa Pimbi wakawa wanalamba mawe. Kitindamimba wake hata kulia aliacha, na ukimya ule ulimtia Pimbi hofu kuliko kilio. Akaketi, akafikiri. Nguvu hana. Meno anayo, lakini ya kutafunia majani. Ana nini basi? Ana sinema kichwani.

Akabandua magome ya mti, akayakata vipande vipande, akachora kwa mkaa. Kisha akawaita Kanga na Ngiri, wakaenda kukaa mbali kidogo na bwawa, wakaanza kucheza na kuangua vicheko. Kwa kwa kwa! Kanga akaanguka chali. Ngiri akajipiga mapaja.

Kiboko akatoa pua majini. Fyuuu!

"Mnamcheka nani?"

"Hatukucheki wewe, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi. "Tunacheza karata za sinema."

"Na mimi mbona sikuitwa?"

"Tulidhani hujui sinema."

Loo! Ungemwona Kiboko alivyovimba. "Mimi? Nisijue? Nifundishe upesi kabla sijaja kukukalia!"

Pimbi akachanganya karata, cha cha cha, akazipanga mafungu mawili. "Fungu hili lina watu na vitu. Huyu stelingi, yaani shujaa wa sinema, huyu jambazi, huyu bibi harusi, huyu punda, hili panga. Kila mchezaji anapewa tano, asimwonyeshe mwenzake, na akitoa mbili anaokota mbili. Fungu lile lina aina za sinema. Mmoja wetu anakuwa mwamuzi. Mwamuzi anafunua aina, wengine mnatoa karata mbili mbili na kuisimulia sinema yenu kwa mdomo. Atakayempendeza mwamuzi anapewa ile karata ya aina. Kisha uamuzi unahamia kwa mwingine. Wa kwanza kufikisha tatu ndiye mshindi. Ndivyo karata zinavyochezwa."

"Nikishinda napata nini? Sichezi bure."

"Ukishinda, mimi na ukoo wangu tutakusugua meno maisha yetu yote. Nikishinda mimi, wote tunywe."

Kiboko akacheka hadi maji yakamwagika ukingoni. "Gawa!"

Kanga akawa mwamuzi wa kwanza. Akafunua: sinema ya mapigano! Pimbi akasimulia ya bibi harusi aliyewafukuza majambazi kwa mwiko huku ugali unaiva. Ngiri akasimulia yake. Kiboko akatupa stelingi na panga: pa!

"Stelingi anawapiga wote. Mwisho."

Kanga akakohoa. "Bwana Mkubwa, hiyo ni..."

HAAAA!

"...ni nzuri mno!" akasema Kanga, akampa karata.

Ngiri akawa mwamuzi wa pili. Akafunua: sinema ya mapenzi! Pimbi akasimulia ya punda aliyekula kofia ya bwana harusi, kisha barua zake zote za mapenzi, kisha akaanza kumtazama bibi harusi kwa macho malegevu. Kanga alilia kwa kucheka. Hata Kiboko alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka, akanuna.

Akatupa stelingi mwingine, sijui alimpata wapi, nahisi alimkalia. "Stelingi anawapiga wote. Halafu wanampenda. Mwisho."

Ngiri akamtazama Pimbi. Akamtazama Kiboko. Akajishika sikio lililobaki zima. "Kiboko," akanong'ona.

Sasa Kiboko kabakiza karata moja tu ashinde! Pimbi akawaona watoto wake ndani ya ule mdomo, kila mmoja na jino lake. Lakini alikuwa ameona jambo jingine pia. Kiboko hakuwa akiangalia maji tena. Kila aliposema "stelingi", aliinua kidevu na kungoja atazamwe.

Zamu ya tatu, mwamuzi akawa Pimbi mwenyewe. Akafunua: sinema ya kisasi! Kanga akasimulia vizuri. Ngiri akasimulia vizuri zaidi, yeye mwenyewe akatokwa na machozi. Kiboko akatupa karata zake: pa!

"Stelingi anawapiga wote. Mwisho."

"Kiboko ameshinda!" akasema Pimbi.

"Umetuuza!" akafoka Ngiri.

"Leta hao watoto," akasema Kiboko, "huku kwenye magego pana majani yamekwama."

"Watakuja, Bwana Mkubwa. Kuna kuigiza tu kumebaki. Mshindi huiigiza sinema yake mbele ya watu. Ndivyo karata zinavyochezwa."

"Hukusema hivyo mwanzo."

"Basi acha. Tutamwita yule mwingine aigize."

"Mwingine yupi?"

"Si yule Kiboko wa mto mkubwa, ng'ambo ya kilima? Anasema yeye ndiye stelingi. Wewe anakuita..." Pimbi akatazama chini kwa haya. "Anakuita jambazi."

Maji yakachemka. Kiboko akatoka bwawani mzima mzima, matope yakimchuruzika. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yametanda, kwa hiyo hakuliona jua wala hakulifikiria. "Nitazameni!" akanguruma. Akakipanda kilima, du! du! du! Nyuma yake Kanga akapiga vigelegele na Ngiri akapiga makofi, na kila walipopiga, yeye aliongeza mwendo.

Alipovuka kilele, mawingu yakaondoka. Jua likamwakia mgongoni, ngozi ikaanza kupasuka. Kurudi ni mbali, mto mkubwa uko pale chini. Akateremka mbio, akajitupa majini: chubwi!

Akaibuka na kukutana na mdomo mkubwa kuliko wake. Nyuma ya mdomo ule kulikuwa na wake, na shemeji, na wajomba, wote wana meno.

"Mimi ndiye stelingi!" akasema Kiboko.

"Kwenye sinema gani?" wakamuuliza, wakamwangukia kwa kipigo. Mpaka leo yuko huko, mwisho kabisa wa mto penye maji ya magoti, na akitaka kuoga anaomba.

Huku bwawani, wanyama walikunywa, gu! gu! gu! Kitindamimba wa Pimbi alikunywa, akajamba, akaanza kulia kwa sauti kubwa, na Pimbi hajawahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Kesho yake Ngiri akaja na kiu yake. Akamkuta Pimbi amekaa juu ya jiwe ukingoni, miguu majini.

"Maji ni ya wote," akasema Pimbi, akichanganya karata. "Lakini kaa kwanza, Ngiri, kuna sinema ya punda nataka uisikilize. Ni ndefu kidogo."

Ngiri akaangalia maji. Akaangalia punda wa mkaa. Akakaa.

Basi watoto, hadithi hii inatufundisha kwamba karata ni kupoteza wakati, na hakuna aliyewahi kupata chochote kwa kuangalia sinema. Aliyesikia vizuri aseme nimesikia!
— Tumesikia! Zigawe tucheze!

Hadithi yangu imechoka, nami nimechoka nayo. Ikiwa tamu ilambeni, ikiwa chungu itemeni, ila msinitemee mimi.