Lami Haipigi Filimbi

Askari hupiga filimbi, lami haipigi. Ndiyo, nimesema mimi, na nimekusema wewe Lwitiko, unayetoka kwenye mgahawa wangu na kofia ngumu umeitundika kwenye kiwiko kama mama anayekwenda sokoni na kikapu. Mnacheka? Chekeni, meno ni yenu. Lakini mmeniuliza methali hii imetoka wapi, na mvua hii haiwaachii kwenda popote, basi kaeni. Ipyana, vuta hiyo benchi, umeniziba mwanga hapo mlangoni. Msidhani ni maneno ya wahenga. Wahenga hawakuwa na pikipiki, wala hiyo lami hawakuijua. Methali hii imezaliwa juzijuzi tu, kwenye barabara hiihii mnayopita kila siku, na mimi nilikuwepo. Ilianza hivi.

Palikuwa na kijana wa kijiwe chenu hiki anaitwa Gwakisa. Huyo alikuwa mkwe wangu, alimwoa Atuganile, kitindamimba wangu. Simsemi vibaya. Alikuwa kijana mpole, pombe haijui, na akinikuta njiani alizima pikipiki kwanza ndipo anisalimie, siyo ninyi mnaonirushia shikamoo pamoja na moshi. Lakini alikuwa na ugonjwa wenu huu. Kwake yeye kofia ilikuwa kitu cha askari. Kichwa chake mwenyewe hakikuwamo kabisa katika hesabu.

Ukimwuliza kwa nini havai, alikupa majibu yaleyale yenu. Inaleta joto. Inaziba masikio. Abiria wanasema inanuka jasho la watu, akina dada wanasema inaharibu nywele. Joto! Hapa Rungwe, ambapo hata kuku anatetemeka saa sita mchana, mtu mzima anasimama mbele yangu na makoti mawili mwilini analalamika joto la kofia. Mwe! Nilikuwa nachoka.

Tena sifa aliyokuwa nayo ni moja: alikuwa hodari wa kuivaa kwa mkono mmoja huku pikipiki inakwenda. Akiona fulana nyeupe ya trafiki kwa mbali, kofia inatoka kiwikoni inapanda kichwani kabla hujapepesa macho. Mkanda wa kidevuni hakuufunga, wa nini, wakati baada ya kona mbili anaivua? Vijana wenzake walimshangilia kwa hilo. Hajawahi kukamatwa hata mara moja, walisema, Gwakisa ni mtaalamu.

Na siyo yeye peke yake. Barabara nzima ilikuwa na lugha yake, na ninyi mnaijua, msijifanye watoto. Dereva anayetoka mbele akijigonga utosini, maana yake askari wapo, vaa. Akipitisha kiganja hewani kama anayefuta meza, maana yake peupe, hakuna mtu, vua. Hata mliogombana kijiweni asubuhi mlipeana ishara hiyo bila kinyongo. Nilikuwa nikiona hivyo nasema moyoni, kumbe vijana hawa wanapendana.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa ya harusi. Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa ng'ambo ya mlima, na ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulitoka na pikipiki mbili. Gwakisa alimpakia mkewe. Mimi nilipakiwa na Mwaisumo, yule mzee aliyekuwa dereva wa mwanzo kabisa wa kijiwe hiki, anayeendesha polepole mpaka mbuzi wanampita. Mnataka kujua kama nilivaa kofia? Nilivaa. Siyo kwa akili, ni kwa baridi.

Atuganile alikuwa amesukwa jana yake. Alikaa toka asubuhi mpaka jioni kwenye kigoda, rasta nyembamba mpaka kiunoni, amezibana juu kama taji. Alipendeza, nawaambieni. Mumewe alipompa kofia akaishika kwa vidole viwili. "Nikifika harusini nywele zimelala, watasema nimetoka shamba," alisema. Gwakisa akacheka. "Utaivaa pale darajani tu, kwa afande. Baadaye utaipakata."

Pale darajani alikuwepo Afande Masunga, Msukuma mmoja mrefu, sauti yake nzito lakini mtu wa utaratibu. Walikuwa wamevaa wote wawili, kwa hiyo hakuwa na la kuwasimamisha. Mimi nilikuwa nyuma nikamsikia akimwambia Gwakisa, "Funga mkanda wa kofia, kijana. Na huko juu nenda taratibu." Gwakisa akaitikia, "Sawa, afande, tumekuelewa," akaenda zake. Mkanda ukabaki unaning'inia.

Tulipoanza kupanda, akatokea Ambwene akitoka juu. Ambwene alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyemsimamia siku ya ndoa. Nilimwona vizuri maana alitupita karibu. Suruali yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu mpaka magotini, na uso umempauka kama mtu aliyeamshwa ghafla. Lakini alipomwona Gwakisa akatabasamu, akanyoosha mkono, akapitisha kiganja hewani. Peupe.

Nikaona kofia ya Gwakisa inashuka kiwikoni. Nikamwona mwanangu naye anaivua yake, anajitengeneza nywele kwa kiganja, anageuka nyuma kunitazama. Akanipungia. Halafu ukungu ukawameza.

Mnajua ukungu wa ile kona ya Lugombo. Unasikia, lakini huoni. Nilisikia pikipiki yao ikipanda, mlio wake naujua. Mara mlio ukapanda juu ghafla, ukawa unalia palepale hauendi mbele, kama tairi linazunguka hewani. Halafu kitu kikagonga chini. Sitawaeleza kilivyolia. Mwaisumo alisimama katikati ya barabara, akaniambia, "Mama, shuka." Nikashuka. Nikaingia ukunguni kwa miguu.

Niliita, "Atu! Atuganile!" Nikaita tena. Kilichonijibu ni maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mtaro. Wanangu, hofu ile sijawahi kuionja kabla wala baada. Kila hatua niliyopiga niliogopa kukanyaga nitakachokikuta. Nilitamani ukungu uondoke nione, na nilitamani usiondoke kamwe.

Mlima ulikuwa umeporomosha udongo wakati wa mvua, tope limelala barabarani toka upande mmoja mpaka mwingine, jekundu, laini, linateleza kama bamia. Gwakisa nilimkuta amekaa kwenye tope hilo, mkono wake umevunjika, haulilii, anatambaa kwa magoti kumfuata mkewe. Mwanangu alikuwa amelala mbele zaidi, pale tope lilipoishia na lami ilipoanza. Macho yamefumba. Damu ilikuwa inatoka sikioni, kidogokidogo. Kofia yake ilikuwa imeingia kwenye mashina ya chai, imesimama wima, haina hata mkwaruzo.

Niliweka kiganja puani mwake. Alikuwa anapumua. Basi nikaanza kuhesabu zile pumzi kwa kuogopa kwamba nikiacha, naye ataacha. Mwaisumo alirudi mbio kutafuta gari, na njiani habari ikamkuta Ambwene. Alikuja pikipiki inapiga kelele, akaitupa kando, akaona, akashika kichwa.

Gwakisa alipomwona alisimama, na mkono wake umening'inia. "Ulinipa peupe," alimwambia.

"Nilikupa peupe ya askari, ndugu yangu!"

"Na hili tope hukuliona?"

"Niliona. Nilianguka mwenyewe hapahapa. Abiria wangu kidogo aingie mtaroni."

"Uliona! Uliona, ukanipita, ukatabasamu! Kwa nini hukuniambia?"

Ambwene alilitazama lile tope. Halafu akasema, taratibu, kama mtu ambaye jambo linamwingia wakati uleule analisema, "Ningekuambiaje, Gwakisa? Tope lina ishara gani?"

Miaka yote ile vijana wale walikuwa na ishara ya askari yuko wapi. Ya kifo kiko wapi hawakuwa nayo hata moja. Tulibaki tumemzunguka mwanangu barabarani, mvua inaanza tena, mpaka ikaja pikapu ya viazi. Walishusha magunia, tukamlaza yeye.

Hospitali walimpokea, wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa. Daktari akaja kutuambia kichwa kimepata mtikisiko mkubwa, ndani kumevimba, tusubiri. Nikamwuliza, tusubiri nini? Akasema, "Aamke, mama." Nikamwuliza, asipoamka? Akanishika bega. Mtu wa hospitali akikushika bega badala ya kukujibu, wewe mwenyewe unajua.

Gwakisa walimfunga mkono plasta, wakamwambia akalale. Hakulala. Alikaa barazani anatazama ule mlango. Mimi sikumsemesha. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba niliogopa kinywa changu. Kesho yake mchana, tukiwa bado tumekaa vilevile, akaja Afande Masunga. Nilidhani amekuja kufungua kesi, nikasema moyoni, mchukue, mchukue kabisa nisimwone.

Lakini Gwakisa ndiye aliyemwanza. Alinyanyuka kama aliyechomwa, akamfuata yule askari mpaka kifuani. "Jana mlikuwa wapi?" alimpigia kelele, watu wote wakageuka. "Siku zote mnajificha kwenye kona, jana kwa nini hamkuwepo pale konani? Mngekuwepo ningevaa! Haki ya Mungu ningevaa, na mke wangu angevaa!"

Nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Afande alikuwa amevua kofia yake, ameishika mikononi. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nina filimbi. Nikikuona na kosa napiga, unasimama, tunabishana, unaninunia, jioni unakwenda kwako. Ukinikwepa mimi umenikwepa kweli. Lakini lami haipigi filimbi."

Gwakisa alikaa chini palepale sakafuni, akalia kwa sauti mbele ya wagonjwa na wauguzi. Hasira yangu ikaniishia, sijui ilikwenda wapi. Nikamfunika khanga mabegani. Ambwene alikuwepo, na ndiye aliyeyapeleka maneno yale kijiweni. Yakatoka kijiweni kwenda vijiwe vingine, yakarefushwa kidogo, mpaka leo mnayasema ninyi bila kujua mnachosema.

Ngojeni, sijamaliza. Mmeniuliza chanzo, nitawapa chote.

Mwanangu aliamka. Siku nyingi zilikuwa zimepita, mpaka harusi imekwisha na maharusi wenyewe wamekuja kutupa pole. Muuguzi alitoka anacheka, "Mama, njoo, kaamka, anaongea!" Nilikimbia, mimi na unene huu. Nilimkuta ameegemezwa kwenye mto, kichwa kimenyolewa, zile rasta zote hakuna. Alinitazama. Akatabasamu tabasamu lake lilelile toka utotoni.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nikaitikia marahaba, marahaba mwanangu, machozi yananitoka, nikapiga magoti kando ya kitanda nikimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa na Kiswahili kwa pamoja. Naye akanisubiri kwa adabu mpaka nikanyamaza. Nilimfundisha adabu mimi mwenyewe. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama unavyomwuliza mgeni usiyemjua:

"Umekuja kumwona mgonjwa gani?"

Nikatazama huku na huku. Gwakisa alikuwa amesimama mlangoni, mwanangu akamwona, naye pia akampa tabasamu la mgeni. Nikamjibu mwanangu, "Nimemfuata binti yangu."

Akanishika mkono. "Pole sana, mama," aliniambia. "Mungu atamsaidia."

Nendeni sasa, mvua imekatika. Lwitiko, askari hupiga filimbi, lami haipigi.