Mwanasiti na Merikebu ya Rangi za Maji

Sogeeni, wanangu, mkeka unatutosha. Mnanisikia? Basi itikieni: tunakusikia!

Zamani zimwi lilikuwa na picha ya merikebu ya mizigo, iliyochorwa kwa rangi za maji. Mtu likimchora humo, alimezwa na karatasi akabebe magunia milele. Siku moja likamchora mtu mmoja, Kombo.

Siku ya kwanza mkewe, Mwanasiti, akaenda kwa zimwi na mtoto mgongoni. “Nirudishie mume wangu!” Zimwi likacheka.

Siku ya pili akaenda tena. Ndani ya picha akamwona Kombo akimbebea mzee mmoja gunia lake. Zimwi likacheka.

Siku ya tatu akaenda na kata ya maji.

“We mama, ukimwaga watakufa wote!” likafoka zimwi.

Mwanasiti akaitazama picha. Watu wote merikebuni walikuwa wamemkingia viganja, wanayataka maji.

Akamwaga. Matanga yakachuruzika, magunia yakachuruzika, na watu wakateremka na maji, wameloa lakini wazima, Kombo kamshika mzee mkono.

Zimwi likabaki na karatasi nyeupe. “Nitachora nyingine!”

“Chora,” akasema Mwanasiti. “Kwetu tuna kisima.”

Hapo ndipo nilipoitua hadithi yangu.